SANGE: Lengalenga si chakula cha masikini, na mbuzi si mwenye lupango

SANGE, Kivu Kusini – Mgeni akipiga hodi saa ya chakula katika nyumba nyingi za Sange, jambo la kwanza linalofanyika ni kuficha chungu. Lengalenga iliyochumwa asubuhi nyuma ya nyumba, ikapikwa kwa mawese na ndagala, inasukumwa pembeni, na mtoto anatumwa mbio dukani kutafuta mkebe wa sadini. Mgeni anakula kitu kilichovuka bahari. Wenye nyumba wanabaki na mboga yao jikoni, kana kwamba wameiiba.

Wengi wanaiita hiyo heshima kwa mgeni. Kwa kweli ni dharau: dharau kwa udongo, dharau kwa mama aliyelima, na somo baya kwa mtoto anayeona kwamba kinachoota kwao hakifai kuwekwa mezani. Dharau hiyo ina gharama, na wanaoilipa si wageni. Ni watoto wa Sange.

Sange si jangwa. Mji huu mdogo wa wilaya ya Uvira umekaa kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Bukavu, katika Bonde la Ruzizi. Mito inashuka kutoka milimani kwenda kukutana na Ruzizi, ule mto unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Jua lipo, udongo upo, na mvua hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Mei. Hapa kunaota mpunga, mihogo, mahindi, karanga, nyanya na vitunguu. Lengalenga yenyewe huota hata pale ambapo hakuna aliyeipanda. Na bado, katika bonde hilo hilo, wapo watoto wenye miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka rangi na macho yasiyo na hamu ya kucheza. Ugonjwa huo Kivu yote inaujua kwa jina moja: bwaki.

Isije ikasemwa kwamba bwaki ni kosa la akina mama. Vita vimewatoa watu mashambani mara nyingi mno. Mishahara ya wengi haionekani. Kuhara, malaria na kipindupindu humaliza mwili wa mtoto hata pale chakula kinapopatikana. Hospitali ya watoto ya Lwiro, upande wa Kabare, imepokea watoto wa bwaki kwa miaka na miaka, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba fungu la mboga lingewatosha wote. Mtoto aliyekwisha kuvimba anapelekwa kituo cha afya, hapelekwi bustanini.

Lakini bwaki huwakuta sana watoto ambao sahani yao ni bugali leo, bugali kesho, na pembeni ya bugali karibu hakuna kitu. Katika hilo kuna sehemu moja isiyomsubiri waziri, isiyosubiri shirika wala gari la msaada. Ni kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, ndani ya lupango. Kipande hicho ndicho Sange inachokidharau, ndicho inachokiachia mbuzi, na ndicho inachokiuza kwanza pesa zinapopungua.

Dharau ilitoka wapi

Babu na bibi wa watu wa Bonde hawakuificha mboga. Waliijua kwa majina, walijua ipi inachumwa asubuhi na ipi inapikwa mara mbili, ipi anapewa mama aliyejifungua na ipi haichanganywi na nyingine. Aibu ilikuja baadaye, na ina historia.

Wabelgiji walianzisha kilimo cha lazima katika Congo mwaka 1917. Raia alilazimishwa kulima kile ambacho serikali ya kikoloni ilikitaka, na katika Bonde la Ruzizi pamba ilikuwa mojawapo. Pamba hailiwi. Mwanaume alihesabiwa kwa pamba yake, si kwa bustani ya mke wake. Shamba la biashara likawa ndilo shamba, na bustani ya mboga ikawa mchezo wa wanawake. Wakati huo huo, karani wa mzungu alianza kuonekana mtu mkubwa kwa sababu alikula mkate, alikunywa chai ya maziwa ya mkebe na alifungua sadini. Aliyemwangalia kwa hamu alijifunza kwamba maendeleo yana sura ya mkebe.

Mkoloni aliondoka mwaka 1960. Mkebe ulibaki. Leo kijana wa Sange anayerudi likizo kutoka chuo cha Bukavu anaona vibaya kukaribishwa matembele. Mama anayepika mushogolo, yale majani machanga ya maharagi, anasema kwa sauti ya chini, "Leo tumekula hivyo hivyo tu." Hivyo hivyo tu! Kumbe amewapa watoto wake chakula bora kuliko biskuti zote zilizopangwa katika duka la jirani.

Sombe peke yake imepona kidogo, kwa sababu inapikwa kwenye harusi na kwenye matanga. Na hata hapo kuna kichekesho. Huko Brussels, katika mtaa wa Matonge, Wakongomani walioondoka wananunua sombe iliyogandishwa kwenye barafu, wanalipa kwa yuro, wanaibeba nyumbani kwa furaha. Mtu anavuka dunia nzima, anapata kazi, anapata pesa, na kitu anachokitamani siku ya Jumapili ni lile jani lililokuwa likiota nyuma ya jiko la mama yake. Anayelidharau ni yule ambaye bado analo bure.

Kenya walipitia aibu hiyo hiyo. Kwa miaka mingi managu, saga na terere, ambayo ndiyo lengalenga ya huko, yalihesabiwa kuwa majani ya watu wa kijijini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alitumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha thamani ya mboga hizo za asili. Leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na kuandikwa katika orodha za hoteli. Majani ni yale yale. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Barabara haipiki chakula

Jibu linalosikika kila mara mtu anapotaja bustani ni hili: "Mboga tunauza, tunapata pesa, tunanunua chakula." Ni jibu la haki, na halistahili kuchekwa. Mama anayepanga nyanya zake kando ya barabara na kuzipakia kwenye gari la Uvira au la Bukavu ndiye anayelipa minervali, ndiye anayenunua daftari na dawa. Hakuna wa kumhubiria mama huyo kwamba asiuze.

Ila hesabu ifanyike mpaka mwisho. Kinachoondoka Sange asubuhi ni nyanya mbichi, vitunguu, bilinganya na mafungu ya lengalenga. Kinachorudi jioni ndani ya mfuko wa plastiki ni mkebe mdogo wa nyanya iliyosagwa ng'ambo, kube za supu na pakiti ya biskuti. Mama ameuza nyanya akanunua nyanya. Ile aliyouza ilikuwa na maji yake na utamu wake. Ile aliyonunua imekaa mkebeni muda usiojulikana. Katikati ya nyanya hizo mbili wamekula mwenye gari, mnunuzi wa jumla, wanaokusanya kodi kwenye vizuizi na mwenye duka. Anayebaki na njaa ni yule aliyelima.

Tena barabara hiyo si ya kuaminiwa. Sange inaijua kuliko mji mwingine wowote. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa, mafuta yakamwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, wakiwemo waliokwenda kuchota mafuta yale kwa sababu ya umasikini. Na Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 na mapigano yakashuka kuelekea Bonde, kila mfanyabiashara aliona jinsi safari ya saa chache inavyoweza kugeuka ukuta. Nyanya inaoza kwenye kasha huku mwenye nayo akiangalia barabara tupu. Dukani bei inapanda, na pesa ya nyanya haijaingia.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Chakula kinachotegemea lori ni fimbo ya mbali. Bustani iliyo hatua kumi kutoka jikoni haina kizuizi cha askari, haina kodi ya barabara, haisubiri mapigano yatulie. Hivyo jambo linalotakiwa ni dogo kabisa: fungu la kwanza liende kwenye chungu, fungu la pili liende sokoni. Leo ni kinyume. Sokoni yanakwenda majani mazuri, na watoto wanapikiwa yaliyokauka na kutobolewa na wadudu, kama yamebaki.

Mbuzi na wenye mamlaka

Hata hivyo, kumwambia mama alime bustani bila kutaja mbuzi ni kumdanganya.

Kila mwenye bustani Sange anaijua habari hii. Anaamka alfajiri, anatengeneza tuta, anapanda mbegu, anamwagilia maji aliyobeba kichwani. Baada ya wiki mbili majani yanaanza kuvutia. Siku ya tatu anarudi kutoka sokoni na kukuta tuta limekuwa kama uwanja wa mpira. Mbuzi wa jirani wamepita. Akilalamika anaambiwa, "Mama, mnyama hana akili." Ni kweli, mnyama hana akili. Mwenye mnyama je?

Mbuzi wa Sange wamekuwa raia wa daraja la kwanza. Wanatembea popote, wanalala popote, wanakula kwa yeyote. Mwenye mbuzi hagharimii malisho. Malisho yake ni bustani za wajane. Siku ya kuuza mbuzi huyo, pesa zote ni zake, ingawa nusu ya nyama ile ni lengalenga ya jirani. Huo si ufugaji. Ni kodi anayotozwa mwanamke masikini ili mwenye mifugo anenepe.

Huko mashambani shida ni kubwa zaidi wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapotafuta majani na maji bondeni na kuingia katika mihogo na maharagi. Jambo hilo limeleta ugomvi na hata damu katika Bonde, na wapo wanaolipulizia moto wa ukabila kwa faida zao. Moto huo hauhitajiki. Mnyama anayekula bustani hana kabila, na bustani iliyoliwa haina kabila. Anayelipa alipe kwa sababu mnyama wake ameharibu, si kwa sababu ya jina la ukoo wake. Kanuni hiyo ikishikwa bila upendeleo, nusu ya ugomvi inakwisha.

Viongozi wa mji mdogo hawahitaji fedha za wafadhili kutekeleza hilo. Wanahitaji tangazo kanisani, msikitini na kwenye soko: kuanzia tarehe fulani, mbuzi afungwe kamba au awe zizini. Anayekutwa katika bustani ya mtu azuiliwe mpaka mwenyewe alipe. Na hapa ndipo penye siri ya jambo zima: malipo yaende mikononi mwa mwenye bustani, mbele ya watu. Mara nyingi faini inalipwa, ila inaishia njiani, na mama anarudi nyumbani na tuta tupu. Faini isiyomfikia aliyeharibiwa ni biashara nyingine tu juu ya mgongo wake.

Kuna mbuzi wengine wenye miguu miwili. Ni wale waume wanaouza sehemu ya nyuma ya lupango, au wanaojenga hapo vyumba vya kupangisha, bila kumuuliza mke aliyekuwa akilima pale. Ni wale ndugu wanaomfukuza mjane kabla ya matanga kuisha. Ardhi ya bustani ni ndogo, kwa hiyo inaonekana kama si kitu. Lakini ndiyo ardhi pekee ambayo mama wengi wanaishika kwa mikono yao. Ikiondoka, chungu kinabaki bila mwenye kukisemea.

Chungu nacho kina makosa

Tuseme mbuzi amefungwa kamba na bustani imesimama. Bado kuna adui mwingine, naye yuko jikoni.

Mboga nyingi za Sange zinakufa mara mbili: mara ya kwanza zinapokatwa, mara ya pili zinapopikwa. Lengalenga inakatwa vipande vidogo kabla ya kuoshwa, inaoshwa maji matatu, inachemshwa saa nzima, maji yake ya kijani yanamwagwa nje, kisha kinachobaki kinatiwa magadi ili kilainike na kube mbili ili kipate ladha. Halafu mpishi anasema lengalenga haina utamu. Utamu alishaumwaga uani pamoja na yale maji.

Lengalenga inaoshwa ikiwa nzima, kwa maji safi. Katika nchi ambayo kipindupindu hakitoki Uvira na Bonde lake, kuosha mboga vizuri na kuipika mpaka iive si anasa. Ikiisha kuoshwa, inakatwa. Kitunguu kinakaangwa kwanza katika mawese, kisha nyanya mbichi za kutosha, zipondeke mpaka ziwe mchuzi. Ndagala waliokaushwa, wakiwa wameoshwa mchanga, wanaingia hapo. Lengalenga inaingia mwisho, na dakika chache zinatosha. Itoke bado kijani. Hapo hakuna kube inayohitajika, kwa sababu ndagala na nyanya zimeshafanya kazi hiyo.

Mawese yenyewe yanateswa. Wapishi wengi wanayachoma kwenye moto mkali mpaka rangi nyekundu iondoke, nyumba ijae moshi, mafuta yawe meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo mali. Ndiyo inayogeuka vitamini A katika mwili, kama ilivyo rangi ya karoti na ile iliyojificha ndani ya majani ya kijani. Mtoto anayeikosa anaanza kushindwa kuona jioni, na magonjwa yanamwangusha kwa urahisi. Mafuta kidogo ndani ya mboga yana kazi nyingine pia: bila mafuta, mwili unashindwa kuichukua vitamini hiyo vizuri. Lengalenga na mawese ni mke na mume. Anayechoma mawese ameivunja ndoa hiyo.

Sombe ni habari nyingine, na hapa haraka ni hatari. Majani ya muhogo yana sumu ambayo haina mzaha. Ndiyo sababu bibi walitwanga kwanza kwenye kinu, kwa nguvu, wakapika kwa muda mrefu. Kutwanga kunaifungua sumu itoke, na moto unaiondoa pamoja na mvuke. Kwa hiyo chungu cha sombe kisifunikwe mwanzoni. Ikisha kuiva ndipo vinaingia kitunguu, saumu, pilipili, karanga zilizosagwa, mawese na samaki. Na watu wakumbuke jambo hili: mzizi wa muhogo ni wanga karibu mtupu, ndio unaofanya bugali. Majani ya mti huo huo yana protini na vitamini ambazo mzizi hauna. Anayekula mzizi na kudharau jani amekula nusu ya mti, tena nusu iliyo duni.

Matembele yanataka moto mfupi kama lengalenga. Yanapendana na bamia na kipande cha samaki. Ngaingai, kwa uchachu wake, haihitaji limao. Ikichanganywa na samaki mbichi wa Tanganyika, mtu anasahau kwamba hakuna nyama. Mushogolo unachumwa majani machanga tu, machache kwa kila shina, ili maharagi yenyewe yasikose nguvu ya kuzaa. Majani ya maboga yanamenywa nyuzi zake kwanza, la sivyo yanakwaruza koo na lawama inakwenda kwa mboga badala ya kwenda kwa mpishi.

Na utamu mkubwa kuliko wote haumo katika kiungo chochote. Umo katika muda. Mboga iliyochumwa saa kumi na moja jioni na kuliwa saa kumi na mbili ina kitu ambacho hakuna soko linaweza kukiuza. Iliyochumwa jana, ikafungwa kwenye gunia, ikapigwa jua juu ya lori, imeshapoteza maji yake na sehemu ya vitamini zake. Tajiri wa Bukavu au wa Kinshasa, pamoja na gari lake zuri, anakula lengalenga ya jana. Masikini wa Sange anaweza kula ya leo. Ni nani hapo aliye tajiri?

Wanaosema haiwezekani

Wapo wanaosema lupango ni dogo. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa mashimo ubavuni, linabeba mboga mbele ya mlango. Beseni lililotoboka, ndoo iliyopasuka, ukingo wa ua, vyote vinaota. Kule Cuba, miaka ya 1990, msaada wa Urusi ya zamani ulipokatika na mafuta yakakosekana, watu wa Havana walilima mboga katika viwanja vilivyoachwa wazi katikati ya mji mkuu. Havana ina saruji nyingi kuliko Sange.

Wapo wanaosema kiangazi hakuna maji. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kweli jua linachoma na tuta linapasuka. Lakini maji yaliyosuuza vyombo na mchele humwagwa uani kila siku, na mama anayeyabeba hatua chache zaidi tayari ana maji ya tuta dogo. Nyasi kavu zikifunika udongo, unyevu unakaa. Tuta likiwa karibu na bafu ya nje au chini ya kivuli cha mgomba, jua halilimalizi.

Wapo wanaosema vita vitawakuta wameshapanda. Ni hoja nzito kuliko zote, na anayeitoa ana haki ya kuitoa. Lakini lengalenga si muhogo wa kungoja mwaka. Wiki tatu au nne baada ya kusia mbegu, mtu anachuma. Ikikatwa juu, inachipua tena. Hakuna zao linalofaa zaidi kwa watu wasiojua mwezi ujao utakuwaje. Anayekimbia anaweza kuweka mbegu zake ndani ya kona ya kitenge, na mbegu za lengalenga ni ndogo kama punje za mchanga.

Wapo, mwishoni, wanaosema nyama ndiyo chakula cha mtu mzima. Hakuna anayeikataa nyama. Lakini nyama ya mara mbili kwa mwaka, Noeli na Bonana, au sikukuu ya Idi, haijengi damu ya mama mjamzito. Maharagi, ndagala na mboga za majani kila siku vinaijenga, hasa mtu akikamua limao juu ya sahani na kuacha chai kali mpaka baadaye, kwa sababu chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa mtu wa Ulaya asiye na shamba, ni bili ya duka. Kwa mtu wa Sange, ni kapu moja na dakika kumi.

Kinachotakiwa

Viongozi wa Sange watangaze siku ya mwisho ya mbuzi kuzurura, na waanze na mbuzi wao wenyewe. Hakuna tangazo litakaloheshimiwa ikiwa mbuzi wa kiongozi ndiye wa kwanza kuonekana katika lengalenga ya mjane.

Mashirika yanayoleta mbegu yaache kuleta shu na karoti peke yake, kana kwamba Bonde halikuwa na mboga kabla ya magari yao kufika. Shu ni nzuri, ila inataka dawa, inataka maji mengi, na mbegu yake inanunuliwa upya kila msimu. Lengalenga inajitolea mbegu yenyewe. Akina mama wazee wanaoijua mboga ya hapa waitwe kufundisha, na walipwe kama wanavyolipwa wanaotoka mjini.

Walimu wawaonyeshe watoto tuta moja la shule, lisilo adhabu. Kwa miaka mingi jembe limekuwa adhabu ya mwanafunzi aliyechelewa. Mtoto aliyelimishwa kama mfungwa ataichukia bustani mpaka uzeeni.

Wachungaji na maimamu, wanaokula katika nyumba nyingi kuliko mtu yeyote mwingine, wanaweza kufanya kazi kubwa kwa neno moja tu. Wakikaribishwa, waseme wanataka lengalenga.

Na wanaume wa Sange wajenge ua. Miti ya ua ipo, kamba ipo, na jioni moja inatosha. Mume anayependa chakula kitamu na hajawahi kuweka hata kijiti kimoja kuzuia mbuzi asilalamike tena juu ya bugali kavu.